Unaishiwa mawazo ya picha za potreti? Mwongozo kamili wa kupata wazo kutoka kwa mtu mwenyewe

Meseji ninayoipata kuliko zote ni hii: kaka, kamera ninayo, lenzi nzuri ninayo, kuseti najua, ila nikimsimamisha mtu mbele yangu kichwa kinakuwa kitupu. Wengine wananitumia na picha kabisa nizicheki, na kiufundi ziko vizuri, macho yapo kwenye fokasi, bakigraundi imetoka laini, lakini ukiziweka kumi pamoja unaona ni picha ile ile imepigwa mara kumi kwa watu kumi. Ukuta mweupe, mkono kidevuni, uso umeangalia pembeni.

Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja. Wengi mnakwama pale pale. Mnalitafuta wazo kwenye simu, kwenye picha za watu wengine, wakati lipo kwa huyo mtu aliyekaa mbele yako ambae hujamuuliza chochote zaidi ya saizi ya picha anayotaka. Mwongozo huu wote ni namna ya kulitoa hilo wazo kwake na kulifikisha kwenye picha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kabla hivi havijawa mkononi, vingi vipo nyumbani.

- Daftari dogo na kalamu. Sio noti za kwenye simu, nitaeleza kwanini.
- Kamera yoyote au simu yenye kamera nzuri. Kama ni kamera, lenzi ya 50mm ya f/1.8 (f ni upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) inatosha kwa kila kitu kilichopo humu.
- Shuka jeupe au manila nyeupe kubwa, ya kurudishia mwanga usoni.
- Kitambaa cheusi, shuka la kawaida tu, ila liwe halina mng'ao.
- Vibanio vya nguo vinne au vitano na kamba ya mita tatu hivi.
- Mafuta kidogo ya nazi na kitambaa safi.
- Mtu mmoja. Sio modo. Fundi, bibi yako, dada wa dukani, jirani, yoyote mwenye nusu saa ya kukaa na wewe bila kamera.
- Siku nne mpaka tano. Najua ni nyingi, ila ukizikata ndio unarudi kwenye ukuta mweupe.

## Hatua ya 1: Andika picha ambazo hutazipiga

Fungua daftari, andika picha kumi ambazo ungezipiga leo kama mtu angekuja sasa hivi. Andika kwa kirefu. "Amekaa kwenye ngazi, viwiko kwenye magoti." "Amesimama, mkono mmoja mfukoni, anacheka anaangalia chini." "Ameshika ua." Ukifika ya sita utaanza kukuna kichwa, endelea tu mpaka kumi.

Sasa hiyo orodha yote ni marufuku kwa shuti hili.

Sababu ni kwamba mawazo yanayokuja haraka ni yale macho yako yameyazoea, na macho yako yameyazoea kwasababu umeyaona mara elfu kwenye simu. Sio mabaya, ila ni ya wengine. Yakiwa kichwani hayatoki kwa kuambiwa yatoke, inabidi uyaweke kwenye karatasi uyaone. Na hapa ndio daftari linaizidi simu, kwasababu ukishika simu kuandika, dakika mbili baadae upo Instagram au Pinterest unaangalia picha nyingine na orodha imekufa.

Kuanzia hapa mpaka siku ya kupiga, usiangalie picha za mtu. Siku nne tu.

Utajua umefanya vizuri kama kwenye orodha yako kuna picha moja au mbili ambazo zinakuuma kuziacha.

## Hatua ya 2: Kaa na mtu nusu saa bila kamera

Hii ndio hatua inayorukwa kuliko zote na ndio hatua yenyewe, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Nenda alipo yeye, usimwite kwako. Kama ni mtu mzima amkia vizuri, shikamoo, ulizia nyumbani, ulizia kazi, usikimbilie shida yako. Kamera iwe kwenye begi na begi liwe chini. Mtu akiiona kamera tu anaanza kujiweka sawa, anavuta shati, anakaza shingo, na akishakaza shingo maneno nayo yanakaza.

Usimuulize "unataka picha ya aina gani?" Hilo swali halina faida hata kidogo. Atakujibu "yoyote tu" au atakuonyesha picha ya msanii kwenye simu yake, na mmerudi kule kule. Uliza vitu ambavyo jibu lake ni kitu cha kushikika:

- Kitu gani hapa ndani umekaa nacho muda mrefu kuliko vyote?
- Mikono yako inafanya nini ambacho ya kwangu haiwezi?
- Saa ngapi unakuwa peke yako, na unakuwa umekaa wapi?
- Kuna kitu watu wakija hapa hawakioni?
- Picha yako ya mwisho uliyoipenda ilipigwa lini, na nani?

Hilo la mwisho huwa linafungua mengi. Watu wazima wengi hawana picha waliyoipenda kwa miaka, wana pasipoti saizi tu.

Niwape mfano. Kuna fundi cherehani mmoja mtu mzima, ana kibaraza chake Tandika. Mara ya kwanza nilienda na kamera moja kwa moja, nikamkalisha kwenye cherehani, futi shingoni, angalia huku mzee, tabasamu. Nilipiga picha kama mia na zote zilikuwa picha ya fundi cherehani yoyote unayemjua. Ungeweza kumtoa yeye ukamuweka mwingine na hamna ambacho kingebadilika.

Wiki iliyofuata nikarudi bila kamera. Nikamuuliza lile la kitu alichokaa nacho muda mrefu. Nilitegemea atasema cherehani. Akainama chini ya meza akatoa kopo la maziwa ya unga, limeshika kutu kwenye mdomo, akalifungua. Ndani kuna vipande vya vitambaa, vidogo saizi ya kiganja, satini, lesi, vingine vimeshabadilika rangi vimekuwa kama chai ya maziwa. Kila gauni la harusi aliloshona alikata kipande cha mabaki akakiweka mle. Akawa anatoa kimoja kimoja, na kila kimoja ana jina la bibi harusi, mtaa aliotoka, na mwili wake ulivyokuwa, "huyu alikuwa ana bega moja liko juu, ilibidi nifiche kwenye mkono." Alafu akifika kwenye kitambaa asichokikumbuka ananyanyua mkono, anakielekeza mlangoni kwenye mwanga, anakunja macho, anatafuta ule mfumo wa nyuzi.

Ule mkono ulionyanyuliwa mlangoni ndio ikawa picha. Sikuitunga mimi. Niliiona tu kwasababu sikuwa nimeshika kitu.

Tahadhari mbili hapa. Kwanza, mtu akikuambia jambo zito, msiba, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, sio lazima liwe picha. Muulize wazi kama yuko sawa lionekane, na akisita hata kidogo achana nalo. Pili, kama ni mtoto ongea na mzazi kwanza, na picha iwe mbele ya mzazi.

Umefanikiwa ukiondoka na nomino moja ambayo hukuwa unaijua wakati unaingia. Kopo. Redio ya marehemu baba. Kovu la kisu cha kuchunia samaki. Ukiondoka na maneno kama "mchapakazi" au "ana furaha" bado hujapata kitu, rudi kesho.

## Hatua ya 3: Geuza nomino iwe sentensi ya picha

Chora mistari miwili kwenye ukurasa upate safu tatu: KITU, TENDO, MWANGA. Kwenye kitu andika zile nomino ulizotoka nazo. Kwenye tendo andika vitenzi, mwili wake unafanya nini na hicho kitu. Kwenye mwanga andika mwanga wote uliopo pale, wa mlango, wa dirisha, wa koroboi, wa taa ya dukani, wa moto wa jiko, jua la jioni linaloingia kwenye tundu la bati.

Alafu unganisha. Chukua kimoja kila safu andika sentensi nzima. Ya fundi ilikuwa: "Amenyanyua kipande cha lesi kwenye mwanga wa mlango wa asubuhi anakikagua." Andika sentensi kumi hivi, zingine zitakuwa hazina maana, andika tu. Mama mmoja muuza vitumbua wa Magomeni alinipa neno "saa kumi usiku", ndio anaamka kuchanganya unga, na kwenye safu ya mwanga nilikuwa nimeandika jiko la mkaa. Nilivyoziunganisha nikapata picha ya uso unaomulikwa kutoka chini na makaa, nyuma giza tupu, na hiyo hata ningekaa mwezi mzima kwenye simu nisingeipata.

Sasa pima kila sentensi kwa kipimo kimoja: nikimtoa huyu mtu nikamuweka mwingine, picha inabaki vile vile? Kama ndio, kata. Zitabaki mbili au tatu. Chagua moja. Usibebe tatu zote, siku ya shuti utachanganyikiwa na utapiga zote nusu nusu.

## Hatua ya 4: Nenda ukaangalie mwanga, saa ile ile

Sentensi yako ina mwanga ndani yake, kwahiyo lazima ujue huo mwanga upo saa ngapi. Usikisie. Nenda siku moja kabla, simama pale atakapokaa, piga na simu kila baada ya dakika 15 kwa saa moja. Mwombe hata mtoto wa jirani (mama yake akiwepo) au kaka yoyote akae pale. Ukikosa mtu geuza simu ujipige mwenyewe.

Sisi tuliopo huku karibu na ikweta mwanga wetu una tabia zake, na ushauri mwingi unaouona kwenye video umetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao jua la jioni linashuka kwa mshazari, kipindi cha joto unakuta mwanga wa dhahabu unakaa muda mrefu sana. Dar jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na linashuka wima, kwahiyo ule mwanga mzuri unaupata dakika 30 mpaka 40 tu. Ukimwambia mtu aje saa 12 kamili, akichelewa kidogo na akipaka poda kidogo umeshaukosa. Mwite saa 10 na nusu.

Mchana nao. Mwezi wa 3 na mwezi wa 10 jua la Dar linapita juu ya utosi kabisa. Mtu akisimama nje saa 6 mchana macho yanakuwa mashimo mawili meusi na pua inang'aa. Usipambane na hilo jua, ingia nalo kivulini: chini ya kibaraza, ndani ya mlango, upenuni. Mlango ulio wazi, mtu amekaa hatua moja au mbili ndani ameelekea nje, ni studio kamili. Akikaa karibu na mlango mwanga unapungua haraka nyuma yake, panakuwa peusi, na uso unabaki peke yake.

Chunga sana rangi ya kivuli chenyewe. Chini ya mwembe uso unachukua kijani, tena na madoa madoa ya jua yanayopenya kwenye majani. Sokoni chini ya maturubai ya bluu uso unakuwa wa bluu na hamna kuediti kutakakokusaidia vizuri, kwasababu upande mmoja unapigwa na turubai na upande mwingine unapigwa na jua la kawaida. Ukuta uliopakwa rangi kali nao unatema rangi yake shavuni. Kama huna pa kuhama, tundika lile shuka jeupe kwa kamba na vibanio upande wa karibu na uso, liwe ndio linalommulika.

Jambo jingine la lokesheni, kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari na majengo ya serikali usiyaweke nyuma ya mtu bila kibali hata kama ukuta wake ni mzuri kiasi gani.

Ukimaliza hapa uwe na saa iliyoandikwa kwenye daftari na alama ya chaki pale atakapokaa.

## Hatua ya 5: Jiwekee sharti moja

Wazo likiwa na uhuru mwingi linalegea. Chagua sharti moja na usilivunje: lenzi moja tu, au hutosogeza kitu chochote kilichopo mle ndani, au uso usionekane wote, au mwanga mmoja tu, au picha 36 basi.

Hili nimejifunza kwa wapiga picha wakubwa wa Afrika wenyewe. Seydou Keïta pale Bamako, Mali, alikuwa anawapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake. Alikaa nacho miaka, na kila mtu aliyepita mbele yake anaonekana ni yeye na sio mwingine. Malick Sidibé, wa mji huo huo, ana picha za watu waliompa mgongo, uso huuoni, na bado unamjua mtu kwa jinsi gauni lilivyokaa na shingo ilivyosimama. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na vipande vya filamu vilivyobaki baada ya wateja alikuwa anajipiga mwenyewe ili amtumie bibi yake Nigeria. Filamu iliyobaki, yeye mwenyewe, na mtu mmoja wa kumtumia. Kazi yake yote ya baadae imeanzia hapo.

Kwa fundi sharti langu lilikuwa sisogezi kitu. Vitambaa vimetapakaa, kuna kikombe cha chai, kuna kalenda ya miaka iliyopita ukutani. Ilibidi nihame mimi mpaka kila kitu kikae, na nilipiga magoti pembeni ya pasi ya mkaa kama dakika kumi nikitafuta hiyo engo.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kabla hajafika. Seti kamera mapema ili ukiwa nae uongee nae. Kwa mtu mmoja kivulini anza na f/2.8, spidi ya shata (muda kamera inaofungua kupokea mwanga) isishuke chini ya 1/160 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ipande hata 1600, chengachenga kidogo hazijawahi kuua picha nzuri. Usifungue mpaka f/1.8 ukiwa karibu na uso, utakuta jicho moja limekaza na jingine limelegea.

Ukitumia simu futa lenzi kwanza, vidole vinaacha mafuta na picha inakuwa na ukungu. Tumia zumu ya 2x alafu rudi nyuma, usimsogelee na lenzi ya kawaida kwasababu inavimbisha pua. Ule ukungu wa nyuma unaotengenezwa na simu uuzime kama mtu ana nywele za afro, mtandio mwepesi au hereni ndefu, simu inakata kingo vibaya.

Ngozi. Kamera haijui inamwangalia nani, inajaribu kufanya kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona nyeupe nyingi inapunguza mwanga, uso unazama. Ongeza eksposha, yaani kiasi cha mwanga wa picha, anza na +1. Mbele ya kitambaa cheusi inafanya kinyume, inaongeza mwanga mpaka uso unapauka, hapo shusha -1. Kwenye simu shikilia kidole usoni mpaka ijifunge, alafu vuta juu au chini.

Na ngozi nyeusi umbo lake linaonekana kwenye mng'ao, pale mwanga unapoteleza kwenye shavu na mfupa wa paji. Kwahiyo mwanga utoke ubavuni na uwe mpana, kama wa mlango. Poda nyingi inaua huo mng'ao. Mafuta ya nazi tone moja, paka mashavuni, kwenye mitulinga (ile mifupa ya chini ya shingo) na migongo ya mikono, alafu futa kwa kitambaa ibaki kidogo tu. Flashi ya moja kwa moja usoni iache kwenye begi.

Mpangilio wa kupiga. Kwanza piga picha anayoitegemea yeye, amekaa vizuri, anaangalia kamera. Dakika tano. Hii inamtuliza, na ni haki yake, kwasababu nyumbani kwake ndio watakayoitundika. Alafu ingia kwenye sentensi yako.

Hapa usimpe pozi, mpe kazi. "Inua mkono, geuza kichwa kidogo, kidevu chini" inamfanya awe mti. Sema "mzee, kile cha lesi uliniambia cha nani vile? hebu nikione" alafu subiri. Mwili wake unajua namna ya kufanya hiyo kazi kuliko wewe unavyojua kuielekeza. Ongea, uliza, nyamaza, piga. Usiangalie kioo cha kamera kila picha, ukiinamisha kichwa kuangalia picha na yeye anatoka kule alikokuwa.

Mkimaliza mwambie asante tumemaliza, ila usishushe kamera. Dakika mbili zinazofuata mtu analegea, anafuta uso, anacheka, anarudisha vitu sehemu yake. Picha nyingi ninazozipenda zimetoka pale. Kama yupo mtu asiyependa hilo mwambie mapema kwamba naendelea kidogo, usimpige kwa kumvizia.

Dalili kwamba inaenda vizuri ni kwamba amesahau mkono wake uko wapi. Dalili mbaya ni akikuuliza "hivi?" kila baada ya picha moja. Ukisikia "hivi?" mara tatu, weka kamera chini, kunyweni maji, rudini kwenye stori.

## Hatua ya 7: Chagua kesho, sio leo

Usichague usiku ule ule. Leo bado unakumbuka jinsi ulivyopiga magoti na joto lilivyokuwa, na utaipenda picha kwa jasho lako. Kesho asubuhi zifungue zikiwa ndogo, saizi ya stempu. Picha nzuri ya mtu inasomeka hata ikiwa ndogo hivyo, unaona umbo, unaona mwanga unatoka wapi, unaona mtu anafanya kitu.

Bakisha tano. Mwonyeshe mtu asiyemjua muhusika na umuulize swali moja tu, "huyu ni mtu wa namna gani?" usimwambie lolote zaidi. Akijibu "ni fundi" bado. Mimi niliyemwonyesha picha ya fundi alisema "huyu anatafuta kitu cha zamani", na kopo halikuwepo hata kwenye fremu. Hapo nikajua imekaa.

Kwenye kuediti rekebisha rangi ya mwanga, eksposha, kata kingo. Ngozi usiifanye nyeupe na mikunjo usiifute. Nasema hili kwa uchungu kwasababu naona kila siku bibi wa watu ana miaka 70 ametolewa mikunjo yote anakuwa kama sanamu, na wajukuu ndio watabaki na uso ambao bibi yao hakuwa nao.

## Ukikwama bado

Inatokea. Mtu hana neno, ni mkimya, au amekuja kama mteja na una dakika 20 tu na hukupata nusu saa yako. Jaribu hivi:

Piga mikono yake kwanza, mikono tu, fremu nzima. Mikono inakupa wazo la uso mara nyingi sana.

Mwombe atoe kila kitu kilichopo mfukoni au kwenye pochi akipange mezani, alafu muulize kipi hawezi kutoka nyumbani bila hicho.

Mwombe akae na mtu wake, mama, rafiki, mtoto, na umpige yeye tu wakati anamsikiliza yule mwingine akiongea. Uso wa mtu anayesikiliza una mambo mengi kuliko uso wa mtu anayepigwa picha.

Mpe shuka jeusi alishike mwenyewe nyuma ya kichwa chake, mikono juu, na mikono ionekane kwenye picha. Ni kitu kidogo lakini kinampa kazi na kinakupa bakigraundi kwa pamoja.

Na kama ni wewe mwenyewe umechoka, jipige. Jiulize yale maswali matano kwa sauti, jibu kwenye daftari, weka kamera kwenye ndoo iliyopinduliwa, taima sekunde 10.

## Hatua ya 8: Printi moja umpelekee

Usimtumie WhatsApp ukaishia hapo, inaminywa na inapotea kwenye magrupu. Printi moja tu ya saizi ya karatasi ya A5, mpelekee mkononi pale pale alipokaa, na kamera iache nyumbani kama ulivyofanya siku ya kwanza. Mwache aiangalie, usimuulize kama ameipenda. Alafu muulize swali moja: hapa mtaani nani mwingine ana kitu kama kopo lako?

Fundi aliiweka picha ndani ya kopo, juu ya vitambaa, akafunga kifuniko. Alafu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara kwa muuza viatu vya mtumba. "Yule," akasema, "kamuulize kwanini kuna jozi moja haiuzi."

Daftari lilikuwa mfukoni, nikavuka.